Somo la usalama: Pua ikizimika, usinyamaze



Siku moja baba mmoja wa Buluo alikuja kwenye dispensari pamoja na bibi yake. Hakuwa na maumivu. Alikuja kushitaki: «Sasa ni wiki tatu huyu mama hajui tena kupika. Sombe yake ni majani matupu, samaki wake ni kama karatasi.» Mama akajibu kwamba watoto wanamaliza sahani, na kwamba juzi baba alikula ndagala walioharibika bila kukunja uso.

Nilimwomba baba afumbe macho. Nikamtia chumvi kidogo ulimini, akasema: chumvi. Sukari, akasema: sukari. Kisha nikamsogezea puani kahawa, halafu sabuni. Hakutambua hata kimoja. Kesi ya mama ikaisha hapo: kilichoharibika si mkono wake, ni pua ya baba.

Nikamwuliza kama alijua. «Ndiyo, tangu yale mafua. Lakini sikumwambia shefu, asinitoe kwenye posti yangu.» Hapo nilishtuka, kwa sababu baba huyu anatumika karibu na asidi. Somo la leo ni juu yake, na juu ya wote wanaonyamaza kama yeye.

1. Ulimi na pua vinagawana kazi

Ulimi peke yake unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ladha nono ya mchuzi wa nyama. Yote mengine yanatoka puani. Unapotafuna, harufu ya chakula inapanda nyuma ya koo mpaka juu kabisa ndani ya pua, penye nyuzi nyembamba za fahamu zinazopeleka habari kwenye ubongo. Nyuzi zile zikizimika, bukari inabaki uzito tu mdomoni.

2. Mambo yanayozima pua

Mafua na ugonjwa wa mifupa ya uso ndiyo sababu za kawaida. Mwaka 2020, Covid-19 ilipoenea duniani, watu wengi walipoteza harufu na ladha kwa ghafula, hata wasiokuwa na pua iliyoziba. Tumbako nayo inadhoofisha pua polepole. Pigo la kichwa linaweza kukata zile nyuzi. Hii ni sababu moja zaidi ya kuvaa kaski.

Kazi yetu nayo ina sehemu yake. Gesi kali na mvuke wa asidi vinaunguza ngozi ya ndani ya pua. Vumbi na moshi wa kadmi, madini yanayofuatana na zinki, ni adui mwingine: mwaka 1950 munganga Lars Friberg wa Uswidi alieleza jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha betri, waliopumua vumbi hilo kwa miaka mingi, walivyopoteza harufu.

3. Angalisho kazini

Likasi inajua asidi tangu zamani: viwanda vya Shituru vilianza kutoa shaba kwa njia ya asidi na umeme mwaka 1929. Penye asidi, pua ni mlinzi. Lakini ni mlinzi anayeweza kulala.

Chukua mfano wa gesi ya hidrojeni sulfidi, yenye harufu ya yai bovu. Inatoka pale asidi inapokutana na sulfidrati ya sodiamu, dawa inayotumika kuelea madini. Ikiwa kidogo, kila mtu anaisikia. Ikifika sehemu 100 katika sehemu milioni moja za hewa, inazima pua kwa dakika chache, hata pua ya mtu mzima wa afya. Mtu anasema: «Harufu imekwisha, turudi.» Sivyo! Gesi iko palepale, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala chini, ndani ya shimo na tangi. Harufu ikipotea ghafula, toka. Usirudi mpaka hewa ipimwe kwa chombo. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kifaa cha kupumulia: ita waokoaji.

Asiyesikia harufu afanye hivi:

– Amwambie shefu wa posti na munganga siku ileile. Kikosi kizima kina haki ya kujua.
– Asitumike peke yake penye gesi, asidi au mafuta yanayowaka.
– Abadilishe chujio la maski kwa tarehe iliyowekwa. Wengine hutambua chujio lililokwisha kwa harufu inayopenya, yeye hataitambua.

4. Angalisho nyumbani

Mtu mwingine anuse nyama, samaki na maziwa kabla ya wewe kula. Usiache chungu motoni ukaondoka. Mafuta ya taa yawekwe kwenye chupa yenye alama, mbali na maji ya kunywa. Na katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, usilale na mbaula ndani ya nyumba iliyofungwa: gesi ya makala haina harufu, inaua mwenye pua na asiye na pua.

Juu ya chakula: usiongeze chumvi na sukari kila siku ukitafuta ladha ya zamani, utapata ugonjwa wa shinikizo la damu au wa sukari. Tia ndimu, tangawizi, pilipili kidogo, karanga za kukaanga. Hivi vinachoma, vinachachua au vinalia menoni, na mdomo unavijua bila pua. Kula pamoja na watoto, hata kama hamu imepungua. Anayeanza kukonda au kujitenga aje tuongee.

5. Kuamsha pua

Pua nyingi zinarudi zenyewe baada ya mafua. Zikichelewa, kuna mazoezi. Mwaka 2009 munganga Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alionyesha faida ya kunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12: waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi. Ukikosa waridi, chukua kahawa. Nusa kila kimoja polepole, ukikumbuka harufu yake ya zamani. Si wote wanaopona, lakini kuacha mapema ni kosa.

Njoo kwetu bila kungoja ikiwa pua ilizimika baada ya pigo la kichwa, ikiwa upande mmoja unatoa damu, au ikiwa wiki mbili zimepita.

Maswali ya kujipima

Kwa nini harufu ya yai bovu ikipotea ghafula si habari njema? Nani anabadilisha chujio lako, na tarehe gani?

Baba wa Buluo alimwambia shefu wake. Amewekwa kazi nyingine ndani ya kikosi kilekile, na kila asubuhi ananusa karafuu zake kabla ya kutoka. Wiki iliyopita alisikia kahawa, kwa mbali. Bibi yake amesamehe.