Dondoo Muhimu: Kupima Moyo wa Familia

Ndugu akifariki ghafla angali kijana, au akigunduliwa kuwa misuli ya moyo wake imenenepa, waliobaki wapimwe hata kama hawaumwi.

1. Andika kwanza nani alifariki, akiwa na umri gani, akifanya nini. "Alianguka tu" haitoshi: alikuwa anakimbia? Amelala? Aliyezama majini ilhali alijua kuogelea, mwandike pia.

2. Anzeni na wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu au mgonjwa. Kwa mengi ya magonjwa ya moyo ya kurithi, mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuyapata.

3. Mkienda hospitali, beba ripoti ya marehemu au mgonjwa, si masimulizi tu.

4. Usiridhike na kupimwa presha. Ulizia ECG na eko. Kimoja huona umeme wa moyo, kingine misuli yake.

5. Kijana akizimia katikati ya mechi, msikimbilie kusema ni njaa, jua au kurogwa. Apumzishwe michezo mpaka apimwe.

6. Majibu mazuri ya leo si cheti cha maisha. Unene wa misuli mara nyingi hujitokeza wakati wa kubalehe, hivyo muulize daktari tarehe ya kurudi.

7. Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo asijinunulie dawa dukani. Hata erithromaisini inaweza kumvurugia mapigo ya moyo.

8. Mtu akianguka na hapumui, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usisubiri gari.