SOMO: BIASHARA HUKUA KWA WATU



Ukifanya biashara peke yako, siku ukiugua meza haina kitu. Jifunze kwa akina mama wa Gisenyi waliozoea kuvuka kwa miguu pale Petite Barrière kwenda kuuza Goma, kila mmoja na mzigo wake. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, watu wa miguu hapana. Aliyekuwa peke yake alikwama. Waliojiunga katika ushirika waliweza kukusanya bidhaa zao na kuzivusha kwa gari moja.

Nawe fanya hivi:

1. Kabla ya kununua bidhaa, waulize majirani wanahitaji nini.
2. Pima kwa haki. Mteja aliyepunjwa huwaambia wenzake.
3. Undeni kikundi cha akiba, kama ikimina au likelemba, cha watu mnaofahamiana.
4. Andikeni kila mchango katika daftari, nalo lisomwe mbele ya wote.

Usingoje shida ndipo utafute wenzako. Leo jioni zungumza na jirani mmoja.