KWA NINI RISITI HUFIFIA?

Kila siku twapewa risiti madukani Ukunda na Msambweni, lakini ni nani aliyejiuliza maandishi yake yatoka wapi? Nyingi ya mashine zile hazina wino hata tone! Rangi imo katika karatasi yenyewe.

Karatasi hiyo hupakwa rangi isiyoonekana pamoja na asidi dhaifu. Kwa miaka mingi bisfenoli A ndiyo iliyotumika sana. Kukiwa baridi, kila moja hukaa katika fuwele zake, kama majirani wasiosalimiana. Mashine ikitia moto, fuwele huyeyuka na viwili hivyo vikachanganyika. Asidi hufungua pete iliyo katika molekuli ya rangi, nayo ikawa nyeusi. Karatasi hupoa upesi, na weusi ukabaki. Jaribuni: kwaruzeni risiti kwa ukucha, kwa kasi. Mtaona mstari mweusi, kwa joto la msuguano.

Lakini muungano huo haudumu. Jua, joto, mafuta ya mikono na mfuko wa plastiki huuvunja. Pete hujifunga tena, maandishi yakatoweka. Mamangu alinunua cherehani yenye dhamana ya mwaka mmoja. Ilipoharibika mwezi wa nane, risiti ilikuwa nyeupe pepepe, na mwenye duka akakataa katakata kuitengeneza.

Basi wenzangu, risiti ya karo au ya hospitali itoeni kopi siku iyo hiyo, na yenyewe muiweke gizani, katika bahasha ya karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.