Dunia Inaanzia Babati: Vidokezo kwa Wanafunzi wa Sekondari na Vyuo

Huhitaji pasipoti kuanza. Barabara inayokatiza Babati mjini ni kipande cha njia kuu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na mazao ya mashamba yetu huliwa mbali kuliko wengi wetu tulikowahi kufika. Kama uko kidato cha tano, cha sita au chuoni, na unataka kuwa raia wa dunia kwa vitendo, jaribu haya.

1. Fuata gunia la mbaazi. Muulize mzazi au jirani mwenye shamba, Galapo au Dareda, aliuza mbaazi kwa shilingi ngapi mwaka 2016. Kisha muulize kuhusu 2017, uone uso wake unavyobadilika. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei huku ikaporomoka.

Usiishie kuilaumu India. Tafuta kwa nini walifanya hivyo: wakulima wao walivutwa na bei nzuri ya msimu uliotangulia, wakalima kwa wingi, wakavuna kwa wingi, na bei ya kwao nayo ikaanguka. Mkulima wa Maharashtra na wa Galapo walikuwa na kilio kimoja, ila kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayemwonea. Mei 2021 India ikalegeza masharti. Ukiweza kumweleza babu yako pande zote mbili kwa Kiswahili chepesi, akakuelewa, umeijua biashara ya dunia kuliko aliyekariri notisi.

2. Jifunze salamu ya mwenzako wa dawati. Ukanda wetu wa Bonde la Ufa una utajiri ambao ni nadra kuupata kwingine Afrika. Wairaqw na Wagorowa wanasema lugha za Kikushi, Wabarbaig na Wamaasai za Kiniloti, Wambugwe na Warangi za Kibantu. Sogea kidogo upande wa Kondoa ukutane na Wasandawe, au upande wa Ziwa Eyasi ukutane na Wahadzabe, ambao lugha zao zina sauti za kidoko. Mholanzi Maarten Mous alichapisha kitabu kizima cha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993. Inauma kuona mgeni anavuka bahari kujifunza lugha ambayo sisi tunaichekea bwenini. Anayemdhihaki Mbarbaig wa darasani kwake hataweza kumheshimu Mjapani.

3. Jua Babati iliifundisha dunia nini. Tumezoea kudhani maarifa huja kwetu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipanga kuutwaa msitu wa miombo wa Duru-Haitemba uwe hifadhi yake. Wanavijiji walipinga, na mjadala ukaishia kwa vijiji vinane kukabidhiwa msitu huo, kiasi cha hekta 9,000, wautunze wenyewe kwa sheria zao ndogo na walinzi wao. Mfano huo umesomwa na wataalamu wa misitu wa nchi nyingi, na usimamizi wa misitu wa vijiji ukaja kuingizwa katika Sheria ya Misitu ya 2002.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn, Sweden, nao wamekuwa wakija Babati kufanya utafiti, na tasnifu zao nyingi zinasomwa bure mtandaoni. Chagueni moja inayohusu kijiji mnachokijua, muisome kama kikundi, mwende kijijini kuuliza kama ndivyo mambo yalivyo. Kisha mwandikieni mwandishi majibu. Dunia inapotuandika, tuna haki ya kuijibu.

4. Panda basi la Arusha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako huko, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pia. Mwalimu aombe nafasi mapema mkasikilize kesi. Kabla ya safari, fanyeni mdahalo: mwaka 2019 Tanzania, nchi mwenyeji, iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Ilifanya sawa? Binafsi naona hapana, lakini nataka nikusikie wewe ukitetea upande wako kwa hoja.

5. Shika kalamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) zote zina mashindano ya insha kwa shule za sekondari, na Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili. Muulize mwalimu wa taaluma tangazo liko wapi.

6. Unganisha Katesh na Dubai. Tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa tabianchi wa COP28 huko Dubai, mataifa yalikubaliana namna ya kuendesha mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoathirika na mabadiliko ya tabianchi. Siku tatu baadaye, mvua kubwa na tope la Mlima Hanang viliukumba mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Wengi wetu tunamjua aliyepoteza ndugu. Ufuatilieni mfuko ule: nani ameahidi, nani ametoa, na halmashauri kama ya Hanang inaombaje. Yaandikeni maswali hayo kwenye barua, mtie saini wote, mumpelekee mbunge wenu.