Muulize Alilala Wapi

Ukikabidhiwa ufuatiliaji wa ugonjwa wa Legionnaires mkoani, usianze na ramani ya makazi ya wagonjwa. Hii ni nimonia ya kuvuta vitone vya maji yenye bakteria wa Legionella, na kwa kawaida dalili hutokea siku 2 hadi 10 baadaye. Kufikia hapo mgeni amekwisha kurudi kwao. Hoteli ya Unguja inaweza kuwa na bakteria hao kwenye mabomba yake na hospitali ya kisiwani isijue kamwe, kwa kuwa mgonjwa mmoja kalazwa Milano, mwenzake Stockholm, na kila daktari ana nimonia moja tu mbele yake.

Kwa hiyo jaza dodoso la siku 14 kabla ya kuugua: alilala wapi, tarehe zipi, chumba kipi, alipita wapi. Hilo la kupita lisikuponyoke. Mwaka 1999 kule Bovenkarspel, Uholanzi, watu waliugua kwa kutembelea maonyesho ya maua ambamo palikuwa na mabeseni makubwa ya maji moto yenye mapovu, yamewekwa ya kutazamwa tu.

Kisha linganisha majina ya malazi. Mtandao wa Ulaya, ELDSNet, huwahesabu wagonjwa wawili waliolala hoteli moja ndani ya miaka 2 kuwa kundi la kuchunguzwa. Wenye hoteli huona hiyo ni kanuni kali. Mimi naiunga mkono: ukimngoja wa tatu, umechelewa.

Maabara ndiko kazi hukwama. Kipimo cha mkojo hujibu haraka, lakini hunasa zaidi kundi moja la bakteria hawa, tena hakikupi kimelea cha kulinganisha na kile cha kwenye bomba. Omba makohozi pia, mapema, bila kuchelewesha dawa. Sampuli za maji nazo ziwahi kabla mwenye hoteli hajamwaga klorini. Hofu yake inaeleweka, ila ushahidi atakuwa ameuosha.

Wagonjwa wakikosa hoteli ya pamoja, tazama upepo. Kule Pas-de-Calais, Ufaransa, mwaka 2003 hadi 2004, mvuke wa minara ya kupozea ya kiwanda kimoja uliwaambukiza watu hata umbali wa kilomita 6. Waliougua walikuwa 86, wakafa 18. Orodha ya minara ya mkoa wako, pamoja na simu ya fundi wa kila mmoja, iandikwe sasa. Jiji la New York lilianza kulazimisha usajili wa minara mwaka 2015, mlipuko wa South Bronx ukiwa umekwisha kuua.