Kiti cha Mtoto wa Dada

Neno "ntemi", yaani mtawala wa Kisukuma, lilitoka wapi?

Kutema ni kukata. Wapo wanaosema ntemi wa kwanza ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kulima. Wengine wanamwona mkata mashauri. Kwangu hayo hayagombani: aliyefungua pori ndiye aliyeamua nani alime wapi.

Ni kweli mtoto wa ntemi hakurithi?

Ni kweli, katika tawala nyingi za Usukuma. Kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Baba unaweza kuambiwa tu. Tumbo la dada halina mjadala. Ng'ambo ya bahari, kando ya mto Mississippi, Wanatchez walifuata njia hiyohiyo: mtawala wao, Jua Kuu, alirithiwa na mpwa wake. Wafaransa waliwashinda mwaka 1731, wakawauza wengi utumwani visiwa vya Karibi. Huku kwetu taifa halikuvunjwa hivyo, ila urithi uligeuka: zama za ukoloni kiti kikazoea kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga, alimrithi baba yake, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Namheshimu sana Kidaha. Hata hivyo nasikitika kwamba akina mama walipotea katika hesabu ya utawala, na ni wachache wanaolisema.

Ntemi aliogopwa?

Aliheshimiwa, naye akawaogopa watu wake. Banang'oma, wazee wa baraza lake, ndio waliomchagua, na mvua ilikuwa dhamana yake. Ukame ukizidi, angeweza kuondolewa.

Na Geita, nako ni Usukuma?

Ile ni nchi ya Wazinza, wenye watawala na desturi zao. Wasukuma walihamia kwa wingi wakifuata mashamba ya pamba na malisho. Ndiyo maana leo, kwenye maduara ya dhahabu, Kisukuma kinasikika kila upande.

Kimebaki nini?

Sheria iliwaondoa machifu madarakani mwaka 1963, lakini makazi ya ntemi yaliitwa ikulu, na jina hilo Watanzania wote wanalijua. Bujora, karibu na Mwanza, kuna jumba lenye umbo la kiti cha ntemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za tawala mbalimbali. Ukifika na watoto, uliza ya kwenu ni ipi.