Igizo la Zamani Kwenye TV Mpya: Namna ya Kupata Picha Safi

Umeachana na TV ya chogo. Umeleta flat ya inchi 43 kutoka Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, umeipachika ukutani, na jioni unataka kuwaonyesha wanao maigizo ya Kaole uliyokuwa ukiyatazama ITV ukiwa na umri wao. Unawasha, na Mzee Jangala amenenepa ghafla. Ngozi za watu zimekuwa rangi ya chungwa. Kila anayegeuza shingo anaacha kivuli nyuma yake. Usiirudishe dukani. TV ni nzima, inataka kurekebishwa tu, na sehemu kubwa ya kazi utaifanya ukiwa umekaa na rimoti mkononi.

Jua kwanza ulichonacho. VCD, zile CD mbilimbili zilizobeba filamu nyingi za Bongo, ina picha ya pikseli 352 kwa 288. DVD inafika 720 kwa 576. TV ya 4K ina 3840 kwa 2160. Maana yake kila nukta ya VCD inatandazwa ijaze nafasi ya nukta 80 hivi. Hakuna kitufe kinachorudisha kitu ambacho diski haikukihifadhi. Unachoweza kufanya, na kinaonekana kwa macho, ni kuizuia TV, waya na deki visiharibu kilichopo.

Anza na umbo la picha. Maigizo ya wakati ule yalirekodiwa kwa umbo la 4:3, karibu na mraba. TV yako ni 16:9, ndefu kwa upana, nayo hupenda kuvuta picha ijaze skrini. Ndiyo maana watu wananenepa. Kwenye rimoti tafuta Aspect, P.Size au Zoom, kisha chagua 4:3.

Pembeni patabaki kanda mbili nyeusi. Ziache. Kwenye inchi 43, picha itakuwa na upana wa sentimita 71 hivi, na kila ukanda mweusi sentimita 12. Chogo lako la inchi 21 halikuzidi sentimita 43 kwa upana, kwa hiyo bado umepata picha kubwa kuliko ile ya zamani. Usidanganyike na Zoom: inajaza skrini kwa kukata vichwa juu na maandishi chini.

Umechagua 4:3 na bado watu ni wanene? Basi deki ndiyo inayovuta. Ingia Setup ya deki, tafuta TV Type au TV Display, jaribu chaguo moja baada ya jingine. Simamisha picha pale penye kitu cha duara: saa ya ukutani, gurudumu la gari, sinia. Duara likikaa duara, acha hapo hapo.

Sasa rangi. Dukani TV huwekwa Vivid au Dynamic ili ishindane na taa za duka, na wengi hawaitoi huko maisha yote. Nenda Picture Mode, weka Movie au Cinema. Mwanzoni utaiona imefifia na ina umanjano. Ivumilie dakika kumi, macho yatazoea, na nyuso zitarudi kuwa nyuso za watu.

Kisha Sharpness, na hapa usiwe na haraka. Watu hudhani ukiipandisha picha inasafika. Kwa igizo la zamani ni kinyume chake: inachora mstari mweupe kuzunguka kila kichwa na kuzidisha chenga. Simamisha picha yenye mtu aliyesimama mbele ya ukuta. Sogea karibu, tazama ukingo wa bega lake. Shusha Sharpness kidogo kidogo mpaka ule mstari mweupe upotee. Kwenye TV nyingi utaishia karibu na sifuri, na ni sawa kabisa.

Zima pia ile kazi ya kulainisha mwendo. Samsung waliiita Auto Motion Plus, siku hizi Picture Clarity; LG TruMotion, Sony Motionflow. Nyingine huandika Motion tu. Inabuni picha za katikati, na kwa rekodi yenye chenga inabuni vibaya. Noise Reduction iweke Low. Ukiipandisha sana, nyuso zinakuwa za plastiki.

TV nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Ukirekebisha AV, HDMI inabaki ilivyokuwa. Tumia nafasi hiyo: king'amuzi cha mpira kibaki na mipangilio yake, deki iwe na yake.

Tuje kwenye waya. Kama deki yako ya DVD ina tundu la HDMI, tumia hilo. Kama haina, angalia kama ina matundu matatu ya picha, nyekundu, kijani na bluu. Hayo yanapitisha picha safi kuliko tundu la njano. Njano peke yake iwe chaguo la mwisho, kwa sababu inabeba rangi na mwanga kwenye waya mmoja na kuvichanganya njiani. Kwa kanda ya VHS huna jinsi. Deki nyingi za kanda zina njano tu.

TV nyingi mpya hazina yale matundu matatu ya AV, njano, nyeupe na nyekundu. Zina kitobo kimoja kidogo, na waya wake mfupi huja ndani ya boksi, ule ambao watu huutupa pamoja na boksi. Kautafute. Ukinunua mwingine mtaani, pini zake zinaweza kuwa zimepangwa tofauti: unapata sauti ya kukoroma na picha hakuna. Kabla hujalaumu deki, hamisha njano uichomeke penye nyekundu, kisha penye nyeupe. Haiharibu kitu.

Picha imekuja nyeusi na nyeupe? Kuna mambo mawili ya kukagua. Kwanza, kwenye TV zinazochanganya matundu, njano huchomekwa penye kijani, halafu unachagua AV kwenye Source, siyo Component. Pili ni mfumo wa rangi. Tanzania tunatumia PAL, lakini diski au kanda aliyoileta ndugu kutoka Marekani huenda ni NTSC. Weka deki kwenye Auto au Multi.

Vile viboksi vidogo vya kugeuza AV kuwa HDMI vinauzwa kila duka la simu. Nunua tu kama TV yako haina AV kabisa. Kiboksi hakiongezi ubora hata kidogo, na vingi huvuta picha ya 4:3 ijaze skrini kabla haijafika kwenye TV.

Mistari mipana inayopanda taratibu kwenye skrini husababishwa na umeme mara nyingi kuliko kanda. Chomeka TV na deki kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi mistari hupotea hapo hapo.

King'amuzi nacho kikague. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mbeya ikafuata mwaka 2013, na wakati ule wengi walifunga ving'amuzi kwenye machogo kwa waya za njano. TV imebadilishwa, waya umebaki ule ule. Kama king'amuzi chako kina HDMI, hamia huko leo. Kisha kwenye menyu yake weka picha 1080, na umbo la 4:3 liwe Pillarbox, si Full. Kituo kikirudia kipindi cha miaka ya 2000, utaona tofauti.

Kanda za VHS zinataka uangalifu wa peke yake, hasa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Unyevu wa Tukuyu na Mufindi hauzihurumii. Kanda iliyokaa kabatini miaka 20 inaweza kuwa na kuvu. Kabla ya kuiingiza popote, mulika tochi kwenye kidirisha chake na utazame ukingo wa utepe uliojikunja. Ukiona unga mweupe au madoa meupe, usiiingize kwenye deki. Kuvu linahamia kwenye kichwa cha kusomea, na kutoka hapo linaambukiza kanda zako nyingine zote. Ifunge kwenye mfuko wake na umpelekee fundi anayesafisha kanda.

Kanda safi ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ndipo uicheze. Utepe uliolala miaka mingi hushikana, na ukiucheza moja kwa moja unaweza kukwama au kukatika.

Baridi nayo ni adui. Mwezi wa Juni au Julai, ukitoa deki kwenye stoo yenye baridi kali, Mafinga au Uyole, na kuiingiza sebuleni kwenye joto, unyevu hutulia kwenye kichwa chake cha chuma. Utepe unagandia pale na kukunjwa. Iache deki sebuleni saa mbili bila kuiwasha.

Picha ikiwa na chenga chini au juu, bonyeza Tracking, moja moja, mpaka chenga zisogee nje ya skrini. Ikiwa chenga zimejaa skrini nzima, kichwa ni kichafu. Chomoa umeme kabisa. Fungua mfuniko, chukua kipande cha karatasi nyeupe ya printa, kilowanishe kwa spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Kishikilie kimetulia ubavuni mwa ile ngoma inayong'aa, na mkono mwingine uizungushe ngoma taratibu kwa juu. Usisugue kupanda na kushuka, utavunja vichwa. Usitumie pamba, inaacha nyuzi. Acha ikauke kabla ya kuchomeka umeme.

Kanda ikishacheza vizuri, ihamishe siku hiyo hiyo. Unahitaji kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, na kompyuta. Rekodi kwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, kasi ya megabiti 8. Saa moja itakula GB 3.6, na kanda ya saa tatu karibu GB 11. Kama flashi yako ni ya FAT32, haitapokea faili moja lenye zaidi ya GB 4, kwa hiyo rekodi vipande vya saa moja moja.

Ukitazama faili hilo kwenye kompyuta, utaona kingo za vitu vinavyotembea zina meno kama ya kitana. Si ubovu. PAL ilirusha mistari kwa zamu, nusu sasa, nusu baadaye, na chogo liliunganisha lenyewe. Fungua kwa VLC na ubonyeze herufi D, meno yanaondoka. Herufi A inabadilisha umbo la picha. Kama unataka kutengeneza faili la kudumu la kuchezea kwenye TV, tumia HandBrake: washa Deinterlace, weka RF kati ya 18 na 20, acha ukubwa wa picha ulivyo. Usiligeuze kuwa 1080 wewe mwenyewe. TV itakuza picha yenyewe, na faili litabaki dogo.

Programu za akili mnemba za kukuza video zinasifiwa sana siku hizi. Kwa maoni yangu, usiziguse kwa maigizo haya. Kwenye picha ndogo ya VCD zinabuni macho na midomo ambayo mwigizaji hakuwa nayo. Steven Kanumba aliingia Kaole mwaka 2002 na akafariki Aprili 2012, hatarekodiwa tena. Sura yake yenye chenga ni bora kuliko sura safi isiyo yake. Na hata ukijaribu, nakala ya kwanza usiifute kamwe.

YouTube nayo ina hazina. Kipindi kimoja huwa kimepandishwa na watu kadhaa, na wengine wamekivuta au kukata kingo. Fungua matoleo mawili matatu, chagua lile lenye kanda nyeusi pembeni. Bonyeza alama ya gia, weka Quality mwenyewe badala ya Auto, maana Auto hushuka mara mtandao ukilegea. Rekodi ya PAL haina zaidi ya mistari 576, hivyo 480p au 720p inatosha. Usichome bando kwa zaidi ya hapo. Na fungulia kwenye programu ya YouTube ya TV yenyewe. Kuakisi skrini ya simu kunapunguza ubora mara ya pili.

Ukishapata faili zuri, ndugu wa Iringa, Kyela na Dar wataliomba. WhatsApp hubana video mpaka kazi yako yote inapotea. Tuma kama Document. Kama ni kubwa mno, weka kwenye flashi umpe mtu anayepanda basi, na faili liwe na jina la igizo na mwaka ili atakayelipokea ajue ni lipi.